Meno ya Difu: Historia Fupi ya Kuvuta Tela Zito

Leo hatutasema habari za mbolea wala nafasi za kupandia. Leo tunaingia chini ya gari, pale penye grisi na vumbi, tukaitazame difu.

Utauliza, Bwana Shamba na difu wapi na wapi? Sikiliza. Kila mwaka mavuno yakishaingia ghalani, kikundi hiki au kile huja chuoni na swali lile lile: tumechanga fedha, tunataka gari la kuvuta tela la mahindi mpaka sokoni, je, tununue lipi? Kabla sijafungua mdomo wameshaanza kubishana juu ya injini. Huyu anataka injini kubwa, yule anasema ya dizeli, mwingine amesikia kuna gari la jirani lina nguvu kama tembo. Si vibaya kuuliza injini. Lakini injini haigusi ardhi. Kinachogusa ardhi ni tairi, na kati ya injini na tairi kuna meno. Wengi hawaulizi habari za meno hayo, na fedha za kikundi zinaishia kwenye sahani za klachi.

Basi kwanza tuelewane difu ni nini. Chini ya gari unaona ule mhimili mrefu unaotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma, mafundi wanauita propela. Mwisho wake umeingia kwenye bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani ya bonge hilo mna gurudumu dogo la meno, yaani pinioni, linalozungusha gurudumu kubwa la meno liitwalo krauni. Krauni ndiyo inayozungusha matairi. Sasa hesabu: kama pinioni ina meno 10 na krauni ina meno 41, propela lazima izunguke mara 4 na kidogo ili tairi lizunguke mara 1. Gawa 41 kwa 10, unapata 4.10. Hiyo ndiyo namba ya difu.

Weka pinioni ya meno 11 kwenye krauni ile ile ya meno 41, unapata 3.73. Weka ya meno 12, unapata 3.42. Namba hizi tatu Wamarekani wanaovuta matela mazito wanazijua kama wewe unavyojua majina ya mbegu. Jino moja tu la kuongeza au kupunguza, na gari linakuwa gari jingine.

Kwa nini? Fikiri baiskeli. Ukiwa na gunia nyuma na mbele kuna mlima, unatamani pedali iwe nyepesi hata kama utazungusha mara nyingi. Ukiwa huna mzigo na njia ni tambarare, unatamani pedali moja ikupeleke mbali. Huwezi kupata vyote viwili kwa meno yale yale. Difu ya 4.10 ni pedali nyepesi: injini inazunguka mara nyingi, mwendo unapungua, lakini nguvu inayofika kwenye tairi ni kubwa zaidi. Difu ya 3.42 ni ya mbio na ya kubana mafuta. Ukizilinganisha hizo mbili, injini moja, giaboksi moja, tairi moja, ile ya 4.10 inaupa mpira wa tairi nguvu ya kuzungusha iliyozidi kwa karibu sehemu 20 katika 100. Injini haikuguswa hata kidogo.

Jambo hili si geni. Waliotengeneza magari ya kwanza ya watu wa kawaida walilijua tangu mwanzo, na hapo ndipo historia yetu inapoanzia.

Mwaka 1908 huko Marekani, Henry Ford alianza kuuza gari lake aina ya Model T. Wakulima ndio walioling'ang'ania. Lilikuwa na nguvu za farasi 20 tu, pungufu ya trekta dogo la leo. Difu yake ilikuwa na meno 40 kwa 11, yaani 3.64. Lilikuwa na gia 2 za kwenda mbele na 1 ya kurudi nyuma. Kwenye gia ya chini, ukizidisha meno yote, injini ilizunguka mara 10 ili tairi lizunguke mara 1. Kwenye gia ya kurudi nyuma ilizunguka mara 14 na nusu. Unaona jambo hapo? Gia ya kurudi nyuma ilikuwa na nguvu kuliko ya kwenda mbele! Kwa hiyo mkulima wa Marekani akikuta kilima kikali aligeuza gari akakipanda kinyumenyume. Kulikuwa na sababu ya pili: tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti na petroli iliteremka yenyewe tu kwenda kwenye injini, hivyo pua ya gari ikiinuka sana, petroli haifiki. Lakini hata tangi likiwa limejaa, meno yalikuwa na kauli yao.

Halafu wakulima wakaanza kulibebesha gari hilo mizigo ambayo halikuumbiwa. Ford akajibu mwaka 1917 kwa kutoa lori la tani moja, Model TT. Sasa nisikilize vizuri hapa. Injini ya lori hilo ilikuwa ile ile ya Model T, farasi wale wale 20. Alichobadilisha ni fremu, ekseli na meno. Badala ya 3.64 aliweka 7.25, kwa kutumia gia ya mtindo wa skrubu inayosukuma gurudumu la meno. Ni karibu mara mbili kamili! Adhabu yake ikawa mwendo: Ford walishauri lori hilo lisizidi maili 15 kwa saa, yaani kama kilomita 24. Kwa aliyetaka kuharakisha kidogo kulikuwa na meno mengine ya 5.17, na huyo aliruhusiwa maili 22, kama kilomita 35. Mnunuzi alichagua mwenyewe: mzigo au mwendo.

Mimi naona hilo ni somo lililonyooka kuliko vitabu vingi. Injini moja, ya kwanza inapeleka familia kanisani, ya pili inabeba tani.

Binadamu lakini hatosheki. Miaka ya 1920 likaenea wazo la kuwa na difu mbili ndani ya ekseli moja. Ekseli iliyojulikana sana kwa kazi hiyo ni ile ya Ruckstell, iliyofungwa kwenye Model T. Dereva anavuta kijiti, ekseli inaingia kwenye meno ya nguvu; anakirudisha, inarudi kwenye meno ya mbio. Mzigo mlimani, mbio tambarare. Baadaye malori mengi ya Marekani yalipewa ekseli za mwendo miwili kwa wazo hilo hilo.

Ila Ruckstell ilikuwa na hatari yake, na ninakusimulia kwa sababu hatari hiyo ina ndugu yake hapa kwetu. Breki ya mguu ya Model T haikuwa kwenye magurudumu. Ilikuwa ndani ya giaboksi, na ilishika matairi kwa kupitia propela na difu. Sasa, kile kijiti cha Ruckstell kikikwama katikati, yaani si meno ya nguvu wala si ya mbio, matairi yanakuwa huru kabisa. Injini haiyashiki tena, na breki ya mguu haiyashiki. Dereva anayeteremka mlima na mzigo anabaki na ile breki ya mkono iliyokuwa dhaifu. Ndiyo maana wenye akili walifunga breki za ziada kwenye magurudumu ya nyuma kabla ya kufunga ekseli hiyo. Walielewa kwamba meno ya kuvuta na breki ni watu wa nyumba moja.

Sasa tuje kwenye matela yenyewe. Huko Marekani, mbali na matela ya mizigo, kuna desturi ya kuvuta nyumba. Nyumba kamili, ndugu mkulima: kitanda, jiko, meza, tangi la maji, vyote juu ya magurudumu, na familia inaivuta kwenda kutembea. Tela kubwa la namna hiyo siku hizi hufika tani 3 na kuzidi. Gunia la mahindi la kilo 100 unalijua. Basi tani 3 ni magunia 30. Tena nyumba hiyo ina uso mpana unaopigana na upepo njia nzima, sawa na tela lako ukilipakia pamba au majani ya ng'ombe mpaka juu.

Mmoja wa watu waliofanya matela hayo yajulikane ni Wally Byam, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1962. Utotoni alichunga kondoo, akilala ndani ya kigari kilichovutwa na punda chenye jiko la mafuta ya taa na ndoo ya kunawia. Huenda wazo lilianzia hapo. Mwaka 1931 alianzisha kampuni ya Airstream, na baadaye akawa anaongoza misafara ya wanunuzi wake kwenda nchi za mbali. Mwaka 1959 akauleta msafara Afrika. Matela 41 ya bati linalong'aa yaliondoka Cape Town, yakapita Rhodesia, Kongo iliyokuwa ya Wabelgiji, Uganda, Kenya, Ethiopia na Sudan, na mwaka 1960 yakapangwa duara karibu na mapiramidi ya Misri. Wazee wetu wengine wa Kenya na Uganda waliyaona yakipita.

Usidhani walikuwa wanateleza tu. Barabara za Afrika za mwaka 1959 si za lami ya Marekani. Matope ya Kongo, mawe ya njia ya kutoka mpaka wa Kenya kupanda nyanda za juu za Ethiopia, mito isiyo na madaraja. Huko ndiko mtu anapojua kwamba gari linalovuta nyumba kwa ulaini kwenye barabara ya lami linaweza kushindwa kuisogeza hata hatua kumi kwenye tope la kwenda juu. Wengi wao walivuta kwa pikapu na malori madogo. Gari la anasa lenye difu ya mbio halina kazi mahali kama hapo.

Na huko kwao Marekani mambo yakageuka haraka. Kuanzia mwaka 1956 serikali yao ilijenga barabara kuu pana za kuunganisha majimbo, watu wakazoea kwenda mbio. Halafu mwaka 1973 mafuta yakapanda bei dunia nzima. Sisi wenyewe tuliyaonja hayo. Marekani iliweka mwendo wa mwisho wa maili 55 kwa saa mwaka 1974, na mwaka 1975 ikatunga sheria ya kuwalazimisha wenye viwanda kutengeneza magari yanayotumia mafuta kidogo. Njia mojawapo rahisi ya kutii sheria hiyo ilikuwa ni kubadilisha meno ya difu. Magari makubwa yaliyokuwa na difu za 3 na kitu yakaanza kutoka kiwandani na 2.73, mengine hata 2.41. Injini ikazunguka polepole, mafuta yakabaki tangini. Mwenye kuvuta nyumba yake akaja kugundua mlimani.

Tuweke hesabu mezani ili tusimwonee mtu. Chukua tairi lenye kimo cha sentimita 72. Ukienda kilomita 80 kwa saa kwenye gia ambayo propela na injini zinazunguka sawasawa, difu ya 4.10 inaitaka injini izunguke karibu mara 2,400 kwa dakika. Difu ya 3.42 inaitaka mara 2,000 hivi. Mizunguko ile 400 ya ziada kila dakika ni mafuta, ni kelele, ni kuchakaa. Kwa hiyo difu ya nguvu si ya kila mtu. Mwenye kwenda mjini kila siku bila mzigo anajichoma mwenyewe akiinunua. Lakini kwa mwenye tela, kuepa mizunguko hiyo ni kuihamishia kazi klachi na gia ndogo, na klachi haina mdomo wa kulalamika mpaka iungue.

Baadaye likaja jambo lililowachanganya wengi, na linawachanganya hata leo wanaonunua magari yaliyotumika. Giaboksi zikaongezwa gia. Magari makubwa mengi ya General Motors ya miaka ya 1960 na 1970 yalikuwa na giaboksi ya otomatiki ya gia 3, na gia ya kwanza ilikuwa 2.48. Zidisha kwa difu ya 4.10, unapata 10 na kidogo. Mwaka 2017 pikapu ya Ford F-150 ilianza kutoka na giaboksi ya gia 10, ambayo gia ya kwanza ni 4.70. Hata ukiifunga difu ya 3.55, ukizidisha unapata karibu 16.7. Maana yake pikapu yenye difu inayoonekana ndogo inaondoka na tela kwa nguvu kuliko gari la zamani lenye difu ya 4.10! Kwa hiyo mtu asikudanganye kwa namba moja tu. Zidisha gia ya kwanza kwa difu, halafu ndiyo useme.

Hapa kwetu mfano mzuri wa kuzidisha ni Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, mwezi Aprili mwaka 1948. Aliyelibuni, Maurice Wilks, alikuwa na shamba lake kisiwani Anglesey, akataka gari la kazi za shamba. Zile Land Rover za zamani tulizozizoea vijijini, Series III, zilikuwa na difu ya 4.7, na juu ya giaboksi ya kawaida ziliongezwa giaboksi ndogo ya pili yenye ngazi ya chini. Ukiweka gia ya kwanza na ngazi ya chini, injini inazunguka karibu mara 40 tairi linapozunguka mara 1. Injini yenyewe wala haikuwa ya kutisha. Mtu mwenye gari la kisasa lenye injini mara mbili ya hiyo anakwama, Land Rover kuukuu inamvuta. Watu wanasema "Land Rover ni chuma". Chuma ni kweli, lakini zaidi ni meno.

Tanzania ilipata somo lake kubwa la matela kuanzia mwaka 1965. Mwezi Novemba mwaka huo walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa kibaguzi, na Zambia ikajikuta imezibiwa njia ya kusini. Mafuta ya Zambia ikabidi yapite Dar es Salaam, na shaba yake nayo itoke kwa njia hiyo hiyo, wakati barabara ya kwenda Mbeya na Tunduma ilikuwa bado ya udongo kwa sehemu kubwa. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, ya nchi hizi mbili pamoja na Waitaliano, ikaingiza malori ya Fiat yenye matela. Barabara ile wageni waliipa jina la Njia ya Jehanamu, na jina lilistahili. Masika tope, kiangazi vumbi ambalo dereva haoni gari lililo mbele yake, na katikati ya safari ukuta wa Kitonga. Kupanda Kitonga na tela ni kazi ya meno. Kuteremka Kitonga na tela ni kazi ya meno na breki, na aliyekosea hakupata nafasi ya pili. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968 mzigo ulipungua, lami ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakamilika mwaka 1975. Kitonga bado ipo pale pale, na matela bado yanaiteremka.

Sasa turudi kwenye gari la kikundi chako.

Kama njia yako ni ya udongo, kuna vilima, na tela litajaa mara nyingi, mimi nakushauri uchague difu yenye namba kubwa. Kati ya pikapu mbili zilizo sawa kwa kila kitu, moja ya 4.10 na nyingine ya 3.42, chukua ya 4.10 hata kama muuzaji anaisifu ile nyingine kwa kubana mafuta. Hutakwenda kilomita 100 kwa saa na magunia 20 nyuma kwenye njia ya kijiji. Au unataka kwenda?

Lakini jihadhari na matairi. Hapa ndipo nimeona vijana wengi wakipotea. Kikundi kimoja walinunua pikapu nzuri yenye difu ya 4.10, ikavuta vizuri msimu mzima. Msimu wa pili wakafunga matairi makubwa, eti gari liwe juu lisiguse mawe. Tangu hapo kilima cha kwenda mnadani kikawa hakipandiki na tela, wakaanza kumlaumu fundi wa injini. Hesabu yake ni hii: tairi la sentimita 72 ukilibadilisha na la sentimita 80, unazidisha 4.10 kwa 72 na kugawa kwa 80. Unapata 3.69. Ni kama mtu amekuja usiku akakubadilishia difu! Tena saa ya mwendo inakudanganya; inaposema 80, wewe unakwenda karibu 89. Walirudisha matairi ya awali, na kilima kikapandika.

Jambo jingine. Kama gari ni la kuvuta kwa magurudumu manne, difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na namba moja. Ya nyuma ikifa, ukaokota nyingine kwenye gari bovu bila kuhesabu, siku utakayotia gia ya mbele kwenye ardhi ngumu, ekseli moja itakuwa inataka kwenda haraka kuliko mwenzake. Zitavutana mpaka kitu kivunjike, na kitakachovunjika hakitakuwa cha bei rahisi.

Na hili usilisahau: difu ya nguvu haikuongezei breki, wala haikuongezei chasi. Itakuwezesha kuondoka na tela zito ambalo gari lako haliwezi kulisimamisha. Kiasi cha tela ambacho mtengenezaji ameandika ndicho cha kufuata, na tela zito liwe na breki zake lenyewe. Mlimani kwenda chini, tia gia ile ile ambayo ungepandia kilima hicho, na uitie kabla hujaanza kuteremka, si katikati. Wanaoteremka kwa frii ili wabane mafuta wanafanya kwa hiari yao kile ambacho Ruckstell iliyokwama iliwafanyia wenzao kwa bahati mbaya: wanayaacha matairi bila injini, na mzigo wote unaangukia breki, nazo zikishika moto hazishiki tena.

Mwisho, namna ya kuijua difu ya gari unalotaka kununua. Usitegemee maneno ya muuzaji. Mara nyingine kuna kibati kwenye difu chenye idadi ya meno, gawa mwenyewe. Kama hakuna, fanya hivi. Simamisha gari mahali pa tambarare. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yote yatakayobaki chini, na usiamini breki ya mkono peke yake. Kwenye Land Rover za zamani breki ya mkono inashika propela, si magurudumu, kwa hiyo ukiinua gurudumu moja tu la nyuma, breki hiyo haina kazi tena na gari linaweza kukuangukia. Huyo ndiye ndugu wa Ruckstell niliyekuambia. Mawe yakishakaa imara, achia breki ya mkono, weka gia huru, inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, na uweke gogo imara chini ya ekseli. Chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Mwenzako azungushe tairi lile polepole mizunguko 2 kamili, si 1, kwa sababu tairi la upande wa pili limesimama na difu inagawa mzunguko nusu kwa nusu. Wewe hesabu propela, ukiwa pembeni, mikono na nguo mbali nayo. Ikizunguka mara 4 na kupita kidogo tu, ni 4.10. Ikizunguka mara 3 na karibu robo tatu, ni 3.73. Ikikomea kabla ya 3 na nusu, ni 3.42, na hapo unaweza kuanza kuzungumza bei.